Jogoo anawika saa tisa usiku, na nataka anenepe kabla ya Krismasi

*Habari mtaalamu. Niko Tabata, Dar es Salaam. Nina jogoo chotara wa Kuchi, umri mwaka mmoja na miezi miwili, na mitetea minne. Nimempima, ana kilo 2.1. Shida ni kelele. Anaanza saa tisa usiku, na jirani tunayepakana ukuta ana mtoto mchanga. Ameshakuja mara mbili, mara ya pili akaja na mjumbe. Nimeamua jogoo awe kitoweo cha Krismasi, bado miezi miwili, ila nataka anenepe kwanza maana ukimshika kidari unashika mfupa mtupu. Mmoja kaniambia nimhasi. Mwingine kasema nimpe chakula cha kuku wa mayai kwa sababu kina nguvu. Mwingine kasema nimlaze kwenye tenga lenye kifuniko cha chini asiweze kunyoosha shingo. Dukani nako nimeambiwa kuna vidonge. Nishike lipi? Na akiondoka, mitetea itaendelea kutaga?*

Mjumbe akishapiga hodi, ndugu yangu, suala la jogoo limetoka kwenye ufugaji limeingia kwenye ujirani. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo huenda hukulitarajia: usisubiri miezi miwili. Jogoo wako anahitaji wiki nne za kulishwa vizuri, basi. Zikipita hizo, kila wiki unayoongeza inakuletea kelele, gharama na mafuta ya tumboni. Nyama haiongezeki.

Jogoo wa miezi kumi na minne amekwisha kukua. Mifupa yake imekomaa na misuli imefika ukubwa wake. Ukimzidishia chakula hakui kama kifaranga wa wiki sita. Anachofanya ni kurudisha nyama ya kidari aliyoipoteza kwa kukimbiza mitetea kutwa nzima na kula kwa kubahatisha. Akishairudisha, kinachozidi kinageuka mafuta, na mafuta ya kuku hayaingii ndani ya nyama. Yanakaa chini ya ngozi na tumboni, yale ya manjano yanayoizunguka firigisi ambayo mpishi huyatupa. Chotara wa Kuchi ana umbo kubwa, hivyo kilo 2.1 huku mfupa wa kidari ukichoma kiganja maana yake amekonda kweli. Hilo ni jema kwako, kwa sababu ipo nafasi ya kujaza. Tarajia gramu 300 hadi 500 kwa wiki nne. Akifika kilo 2.5 umefanya kazi nzuri, na akishachinjwa na kusafishwa utabaki na kilo 1.6 au 1.7 hivi. Anayekuahidi kilo nne anakudanganya.

Sasa tuyapitie uliyoshauriwa, moja moja.

Kuhasi, hapana. Kwa mbuzi au ng'ombe korodani ziko nje na kazi ni ya dakika chache. Za jogoo ziko ndani ya mwili, zimebanwa mgongoni karibu na figo, na kando yake inapita mishipa mikubwa kabisa ya damu. Kuzitoa ni upasuaji wa kupita katikati ya mbavu, na hufanywa jogoo akiwa mdogo, wiki sita hadi nane hivi, korodani zikiwa kama punje ya mchele. Kwa umri wa jogoo wako kila moja ina ukubwa wa tende na imeshiba damu. Akiguswa na asiyejua, atafia mkononi mwake. Halafu hata akipona, faida ya kuhasi inaonekana baada ya miezi, si wiki. Kule Bresse, Ufaransa, wanakofuga majogoo waliohasiwa kwa ajili ya Krismasi hiyohiyo, ndege huhasiwa mchanga na huchinjwa akiwa na miezi minane hivi.

Chakula cha kuku wa mayai nacho hapana, ingawa naelewa kwa nini watu wanakiamini. Kina nguvu, ni kweli, lakini kimejazwa chokaa kwa ajili ya ganda la yai, karibu asilimia 3.5 hadi 4 ya kalisi. Mtetea anaitoa kalisi hiyo kila anapotaga. Jogoo hana pa kuipeleka, inabidi figo zake ziihangaikie. Kwa muda mrefu figo huharibika na chumvichumvi nyeupe hujikusanya kwenye viungo na juu ya moyo na ini. Akidonoa mara moja kwenye chombo cha mitetea hafi, ila usikifanye ndicho chakula chake.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Vinavyozunguka mitaani kwa kazi hii ni vya uzazi wa mpango, steroidi kama deksamethasoni, na hata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Deksamethasoni humfanya kuku aonekane amejaa, lakini anachojaza ni maji na mafuta, huku misuli yenyewe ikiliwa ndani kwa ndani. Mabaki ya dawa yanabaki kwenye nyama na ini, wala usitegemee kwamba moto wa jikoni utayamaliza. Nyama hiyo wanakwenda kuila watoto wako. Viache dukani.

La tenga lina ukweli nusu, na ili uone nusu hiyo iko wapi, hebu tuangalie jogoo anawika vipi na kwa nini.

Wengi wanadhani jogoo huwika kwa sababu ameona mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, mwaka 2013 waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, na bado waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Saa imo mwilini. Kwa kawaida humwamsha kama saa mbili kabla ya mwanga kutokea. Dar mwezi Novemba kunaanza kupambazuka mapema, kwa hiyo jogoo anayeanza saa tisa na kitu hana kasoro yoyote, yuko kazini na hajachelewa. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, ila huyu wa kwako methali haikumfikia. Angekuwa anaanza saa tano au saa saba ningekuambia utafute taa ya ulinzi inayomulika banda, kwa sababu mwanga na sauti ya jogoo mwingine navyo humchokoza.

Na sauti yenyewe si mchezo. Vipimo vilivyofanyika Ubelgiji na kutangazwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba umbali wa mita moja tu sauti hupita desibeli 100. Jogoo mwenyewe haimuumizi kwa sababu akipanua mdomo kuwika, tundu la sikio hujifunga. Mtoto wa jirani hana kifaa hicho.

Ili atoe sauti yote, jogoo husimama, hujaza hewa kwenye vifuko vya mwilini, kisha hunyoosha shingo juu na mbele. Ukimnyima nafasi ya kunyoosha shingo, sauti inakatika au inapungua, ila haiishi. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba tenga limesukwa kwa matundu, kwa hiyo mwanga unaingia, sauti inatoka, na upanga wake unasuguliwa na kifuniko mpaka uvuje damu. Badala ya tenga, tengeneza sanduku la usiku.

Chukua mbao au plaiwudi, sentimita 60 kwa 60, kimo sentimita 50. Kimo hicho kinamtosha kulala na kugeuka, lakini hakimtoshi kusimama wima na kunyoosha shingo. Toboa matundu manane ya sentimita 2.5 chini upande mmoja, na mengine manane juu upande wa pili, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Mbele ya kila safu gongomea kibao kilichoachwa wazi sentimita nne kutoka kwenye ukuta wa sanduku, hewa ipite na mwanga uzuiwe. Watu wengi hukosea hapo hapo: ama wanaziba kila kitu na kuku anakufa kwa joto, ama wanaacha matundu wazi na taa ya jirani inaingia moja kwa moja. Chini weka maranda ya mbao kina cha sentimita tano. Lisimamishe sanduku juu ya gunia lililojazwa pumba za mpunga, mbali na ukuta mnaopakana, maana sanduku likigusa ukuta, ukuta wenyewe unakuwa ngoma. Lisiwe la bati, wala lisikae pale jua la mchana lilipochoma sakafu.

Mwingize saa kumi na mbili na nusu jioni, mtoe saa moja na nusu asubuhi. Usiku wa kwanza mmulike mara mbili. Ukimkuta ameachama mdomo na mabawa ameyaweka mbali na mwili, joto limemzidi, ongeza matundu. Kuku hatoki jasho, anapoa kwa kuhema, na kwa sababu hiyohiyo usithubutu kumfunga mdomo. Kuna na mkanda wa shingoni unaobana koo ili sauti isitoke. Kwa jogoo anayenoneshwa siupendi hata kidogo, kwani gole lake, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, litakuwa limejaa kila jioni na mkanda huo unakaa karibu nalo.

Sanduku halitamnyamazisha. Atawika, ila sauti itasikika kama inatoka kwenye nyumba ya tatu, na kwingine kote kunakobaki kutazibwa na subira ya jirani. Mwambie tarehe ya kuchinja. Mtu anayejua mwisho wa kero huivumilia kuliko asiyejua.

Mchana mtenge na mitetea. Kizimba cha mita moja kwa mita moja na nusu kinatosha, chini kuwe na maranda au mchanga mkavu, si saruji tupu, kwa sababu akilalia saruji ngozi ya kidari hutoka malengelenge. Akiwa na mitetea hatanenepa hata umlishe nini: anapanda, anafukuza, na kila akiona chakula kizuri anawaita wenzake wale kwanza.

Kabla ya chakula, wadudu. Ukimlisha jogoo mwenye minyoo unawalisha minyoo. Siku ya kwanza mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na usome kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kula nyama. Ziingie ndani ya wiki zako nne. Fahamu kwamba piperazini huua minyoo mviringo pekee, wa tegu hawaguswi. Inua mabawa na uangalie kuzunguka njia ya haja kama kuna chawa na utitiri, na tazama upanga na kuzunguka macho kama kuna viroboto waliogandamana. Miguu ikiwa na magaga yaliyoinuka, ipake mafuta ya kula kila siku ya pili. Utitiri uliojichimbia chini yake utakosa hewa.

Chakula cha wiki tatu za kwanza, kilo tatu hivi, kichanganye namna hii: mahindi yaliyoparazwa kilo moja na nusu, pumba laini za mahindi gramu 600, mashudu ya alizeti gramu 500, dagaa waliosagwa gramu 350, chokaa ya mifugo gramu 30, na chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mchanganyiko huo unakupa protini ya asilimia 17 hivi. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi ya kijiko iache kabisa. Waloweke kwenye maji kidogo uone: mchanga ukituama chini ya bakuli, umeuziwa mchanga kwa bei ya dagaa, tafuta wengine. Mahindi yawe makavu na safi. Ule msemo wa "haya yameota ukungu, wape kuku" uuache. Sumukuvu huharibu ini la kuku, na hiyohiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004.

Ukiona kuchanganya ni kazi kubwa kwa jogoo mmoja, nunua finisha, yaani chakula cha kumalizia cha kuku wa nyama, uichanganye nusu kwa nusu na mahindi yaliyoparazwa. Ni njia ya mkato, na haina ubaya. Hakikisha tu finisha hiyo haina dawa ndani, na kama ina dawa, siku zake za kusubiri zihesabu.

Usimbadilishie ghafla. Siku nne za mwanzo changanya kidogo kidogo na alichozoea, la sivyo atajaza gole kwa pupa, lisishuke, au aharishe. Atakula gramu 120 hadi 140 kwa siku, mpe kwa mafungu mawili: asubuhi anapotoka sandukuni na saa kumi alasiri. Jioni, gole likiwa limejaa na gumu kama mpira wa tenisi, sawa. Asubuhi liwe tupu. Likiwa bado limejaa asubuhi, simamisha chakula, mpe maji, na ulikande taratibu. Maji yawepo muda wote, robo lita hadi nusu lita kwa siku kwa joto la Dar, kivulini. Kwa kuwa hatembei tena, mtupie kiganja cha changarawe ndogo firigisi isagie, na fungu la mchicha mchana. Mchicha haumnenepeshi, unamwondolea uchovu wa kukaa kizimbani.

Wiki ya mwisho ondoa dagaa wote. Mafuta ya samaki huingia kwenye mafuta ya kuku, na utapika jogoo anayenuka soko la samaki la Ferry. Weka badala yake soya iliyokaangwa na kusagwa, gramu 150 kwa kila kilo ya chakula. Ikaange kweli, mpaka inukie, kwa sababu soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa.

Mpime kila Jumapili asubuhi kabla hajala, kwenye mfuko uleule na mizani ileile. Wiki ya pili na ya tatu ndizo zitakazoonyesha tofauti. Akikaa uzito mmoja kwa vipimo viwili mfululizo, mwisho wake umefika, hata kama wiki nne hazijatimia.

Na Krismasi? Kama una friza inayogandisha vizuri, mchinje mwezi ujao, mgandishe, na atafika Desemba 25 bila tabu. Kama huna friza, na una ndugu Kisarawe au Mkuranga mwenye nafasi, mpeleke huko sasa hivi na umlishie huko. La sivyo kubali kwamba kitoweo kitaliwa mapema, au muuze akiwa amenona ununue mwingine mchanga siku ya sikukuu, ambaye nyama yake itakuwa laini kuliko ya huyu.

Mitetea itataga kama kawaida. Yai halihitaji jogoo, kifaranga ndiye anayemhitaji. Kama unataka vifaranga vyake, atamisha mayai yaliyotagwa ndani ya siku saba hadi kumi tangu ulipomtenga. Mbegu yake inabaki hai ndani ya mtetea kwa muda huo na zaidi kidogo, ila kila siku inayopita mayai yasiyo na kitu yanaongezeka.

Siku ya kuchinja, mwondolee chakula saa kumi kabla: ukichinja saa kumi na mbili asubuhi, asile chochote baada ya saa mbili usiku. Maji mwachie. Mchukue moja kwa moja kutoka kwenye giza la sanduku, atakuwa mtulivu. Kisu kiwe kikali, ukate koo na mishipa yote miwili ya shingo kwa mkupuo mmoja, umning'inize damu iishe dakika mbili au tatu. Maji ya kunyonyolea yasiwe yanachemka. Changanya ya moto yanayotokota na ya bomba sawa kwa sawa, utapata karibu nyuzi 63. Mzamishe dakika moja ukimtikisa, kisha vuta unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kubishana, mtoe. Maji yakizidi moto, ngozi huiva na kuchanika vipande vipande, na mafuta yote uliyoyatafuta mwezi mzima yanaondoka nayo. Kata kitezi cha mafuta juu ya mkia, na nyongo uitoe bila kuipasua.

Ukifungua ukakuta ini lina madoa meupe au vinundu, au utumbo una vidonda, usimle. Mfukie na umwite afisa mifugo wa kata. Mwite pia wakati wowote katika wiki hizi akianza kuhara kijani, kukoroma, kuvimba uso, kupinda shingo, au uzito ukishuka wiki mbili mfululizo huku anakula. Na ile tabia ya "anaumwa, tumuwahi na kisu" iache: kuku wa kideri au mafua ya ndege hachinjwi jikoni, na mitetea yako minne nayo inahitaji kuangaliwa siku hiyohiyo.

Nyama ya jogoo huyu itakuwa ngumu, na hakuna chakula kinachobadilisha hilo. Nyuzi zinazoshikilia misuli hukaza kwa umri. Zinalegea kwa muda na moto mdogo. Kwanza mlaze kwenye friji, sehemu ya baridi tu, usiku na mchana kamili ili ule ukakamavu wa baada ya kufa uachie. Ukimgandisha au kumpika saa ileile anabaki kama kamba. Mpake papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, dakika arobaini, si usiku kucha, maana ukizidisha juu inakuwa uji na ndani bado ngumu. Kisha mchemshe taratibu, mapovu madogomadogo, saa mbili hadi mbili na nusu, au dakika 50 kwenye sufuria ya presha. Ukitaka wa nazi, tui jepesi liingie mchuzi ukishapungua, na tui zito dakika kumi za mwisho, ukikoroga upande mmoja lisikatike.